Saa Imetimia

Jumatatu, 6 Januari

Naanza kuandika nyuma ya daftari la kazi, kwenye kurasa ambazo hakuna anayezifungua, kwa sababu nina jambo la kusema na sina wa kumwambia. Jambo lenyewe hili: Mjomba haoni.

Simaanishi amepofuka. Njia ya kutoka nyumbani kwake mpaka karakana anaijua, watu anawatambua kwa sauti na mwendo, na bado ananitania kwamba nimenenepa. Lakini leo alipokwenda kula nimeizamisha kwenye beseni intakula, kipoza hewa cha gari, aliyoichomelea Jumamosi, nikatia upepo, na mapovu yakatoka sehemu tatu. Tatu! Mtu aliyenifundisha kuchomelea alumini kwa matusi na subira, mtu ambaye mafundi wa mbali walikuwa wanakuja kuupapasa mshono wake kama wanaochagua kitambaa. Nimeziba matundu yote kabla hajarudi. Aliporudi akaipitishia kidole gumba, akasema, "Safi."

Nami nikasema, "Safi, Mjomba."

Joto limeanza mapema mwaka huu. Mabati ya paa yanalia kila jua likipanda.

Alhamisi, 9 Januari

Kama kuna siku mtu atasoma haya na hajui kazi yetu, nimweleze mara moja tusisumbuane. Gari lenye tabo linasukumiwa hewa kwenye injini kwa nguvu. Hewa ikisukumwa hupata moto, na hewa ya moto ni nyepesi, haina shibe. Injini inakula lakini haishibi. Kwa hiyo kati ya tabo na injini kunakaa intakula, kisanduku cha kuipoza hiyo hewa. Za kiwandani nyingi hutegemea upepo wa mbele ya gari. Zetu tunazitengeneza kwa mkono, kila gari na yake, na zinapozwa na maji: ndani ya kisanduku kuna vibomba bapa vya maji, na hewa inapita katikati yake. Maji yana pampu yake, tangi lake na rejeta yake ndogo mbele.

Maji na hewa humo ndani ni kama wake wenza: nyumba moja, milango miwili. Hewa ikivujia kwenye maji si neno, utaona mapovu kwenye tangi. Lakini maji yakivujia kwenye hewa yanateremka mpaka kwenye silinda, na injini haiwezi kubana maji. Inavunjika mifupa. Sisi tunasema injini imekunywa maji.

Ndiyo maana karakana hii ina sheria moja ambayo nimeikuta: aliyechoma hapimi. Mmoja akichoma, mwenzake anajaza upepo upande wa maji, anafunga koki, anakaa mbele ya geji ya upepo saa nzima kwa saa ya ukutani. Sindano isiposhuka, anapiga alama yake kwa tindo pembeni ya kisanduku. Alama ya Mjomba ni mstari mmoja wa kulala. Yangu ni nyota.

Jumatatu, 13 Januari

Mapovu sehemu mbili. Nimeziba. "Safi."

Jumatano, 15 Januari

Leo kaja mkaza mjomba. Yeye haji karakana, anasema moshi wetu unaingia kwenye nguo na hautoki hata ukizichemsha. Kaja na chai kwenye chupa kama kisingizio, akamwacha Mjomba anakunywa, akanivuta nyuma kwenye marundo ya rejeta kuukuu.

"Unajua," akasema.

"Najua nini?"

"Usinifanye mjinga. Jana kamimina chai pembeni ya kikombe, kisha akaigombeza meza."

Nikamwambia basi twende tumwambie, tumpeleke kwa daktari wa macho. Akasema alishajaribu, Mjomba alimjibu kwamba macho yake yako kwenye vidole, na mwenye haja ya miwani avae mwenyewe. Nikamwambia, "Mficha maradhi kifo humuumbua."

"Methali hazipozi moyo wa mtu," akanijibu. "Huyu kazi ndiyo pumzi yake. Ukimwambia sasa, katikati ya kiangazi, magari yamejaa mlangoni, utamuua. Mvua ikianza joto litapungua, na wateja watapungua. Hapo mwambie, nami nitakuwepo. Mvumilie mpaka mvua."

Alinishika mikono yote miwili. Mama huyu ndiye aliyenilisha tangu nina miaka kumi na miwili. Nikasema haya, mpaka mvua.

Jumanne, 21 Januari

Mawingu asubuhi. Saa sita hayapo. Kazi nyingi, mapovu sehemu moja.

Jumatatu, 27 Januari

Dereva wa gari la wagonjwa la hospitali ya mlimani amekuja. Tunamwita Honi, kwa sababu hajui kusema polepole. Hata akikunong'oneza, wa ng'ambo ya barabara anaitikia.

"Mzee! Dada Fundi! Gari langu limekuwa bibi! Nikifika ule mpando wa hospitali linahema, linahema, mpaka mgonjwa ananiuliza kama ashuke asukume!"

Tukalifungua boneti. Lina tabo nzima na injini nzima. Shida ni intakula ya kiwandani: gari zito linapanda mlima kwa gia ya kwanza na ya pili, upepo wa mbele hakuna, jua hili, lami hii. Hewa inaingia ya moto kama ya kwenye oveni. Mjomba akapapasa mabomba, akauliza mawili matatu, akasema, "Hili ni la maji. Tangi kubwa, rejeta yenye feni yake. Litapanda."

Honi alipokwenda kujibu simu nikasema, kwa utani utani, "Mjomba, hii niachie nichome mimi."

"Na mimi nipime?"

Akacheka. "Wewe pima, mpwa wangu. Unapima vizuri."

Kejeli hiyo, nimeifikiria jioni nzima. Au si kejeli.

Ijumaa, 31 Januari

Tunajenga. Mimi nakata na kupinda mabati ya alumini, nakwangua kwa burashi ya waya mpaka yang'ae, maana alumini yenye uchafu haikubali mshono. Mjomba anachoma. Anasogeza uso karibu mno, kofia ya kuchomelea inagusa kazi. Mshono wa nje nimeuona, umetoka kidogo nje ya mstari lakini umeshika. Mshono wa ndani, pale vibomba vya maji vinapoingia kwenye sahani ya kuvishikia, ukishafunikwa hauonekani tena na mtu yeyote. Huo niliutazama Mjomba alipokwenda kula. Ukawa umekaa vizuri. Nadhani. Nilikuwa na dakika chache.

Jumatano, 5 Februari

Leo nimeongopa. Naanza na neno lenyewe ili nisilizungukezunguke.

Honi alikuwa amekuja na gari tangu saa tatu, amekalia ndoo iliyopinduliwa, anampigia Mjomba hadithi. Nikatia upepo kwenye intakula, nikafunga koki, nikatazama saa ya ukutani: saa nne na dakika kumi. Nikakaa.

Dakika kumi, sindano imesimama. Kumi na tano, imesimama. Lakini sikuwa naitazama kama fundi. Nilikuwa najiuliza: ikishuka sasa nitafanya nini? Nikiwa peke yangu naziba, mambo yanakwisha. Honi alikuwa hatua tatu kutoka nilipo, na Honi akijua jambo hospitali imejua, na hospitali ikijua mji mzima umejua kwamba mzee hawezi tena. Nilikuwa naiombea sindano kwa ajili ya Mjomba, wala si kwa ajili ya gari. Kila dakika iliyokuwa inapita niliiona kama dakika ya kumfedhehesha.

Saa nne na nusu simu ya Honi ikalia, anatakiwa. Mjomba akageuza uso upande wangu.

"Mpwa, saa imetimia?"

Ile saa iko mbele yake ukutani, kubwa kama sinia. Zilikuwa zimepita dakika ishirini.

"Imetimia," nikasema.

"Haya. Piga alama."

Nikachukua tindo, nikapiga nyota. Mkono haukutetemeka hata kidogo, na hilo ndilo linaloniudhi. Tukafunga intakula kwenye gari, mabomba, pampu, tangi juu ya boksi la betri, na kufika saa kumi Honi akaondoka akipiga honi mpaka kona.

Nimejiambia nitakwenda hospitali wiki hii nikaipime kwa siri, saa nzima.

Jumatatu, 10 Februari

Honi kapita kwa miguu, kaja kutushukuru tu. "Linapanda kama mbuzi! Nimempita mtu wa pikipiki!" Mjomba akacheka mpaka akatoa machozi. Tangu mwaka jana sijamwona akicheka hivi. Sijakwenda hospitali.

Alhamisi, 13 Februari

Joto. Mawingu hakuna. Mapovu sehemu mbili kwenye kazi ya mtu wa lori. Nimeziba.

Jumatano, 19 Februari

Honi kapita kununua fyuzi duka la jirani, akatusalimia.

"Dada Fundi, gari zima kabisa. Naongeza kikombe kimoja tu cha maji kwenye tangi kila wiki, basi."

"Kikombe kimoja?"

"Kimoja tu! Joto hili, hata mimi nakunywa zaidi ya hapo."

Nikamuuliza kama chini ya gari kunadondoka. Akasema chini pakavu, angeweza kulala. Nikamuuliza kama tangi linatoa mapovu akikanyaga mafuta. Hajui, hajawahi kutazama. Nikasema, "Labda ni joto." Nimelisema hilo kwa mdomo wangu.

Tangi lile lina kifuniko cha kubana. Maji hayatoki humo kwa joto. Kama hayadondoki chini, yanakwenda mahali, na mahali penyewe ni pamoja tu: upande wa hewa. Gari likitembea, tabo inayasukuma yarudi. Likizimwa, maji ndiyo yanapata nafasi, yanachuruzika kidogo kidogo kwenye upande wa hewa. Kwa kuwa gari lile linawashwa kila siku, injini inayameza kama mvuke na hakuna anayejua.

Kikombe kimoja. Kikombe kinazunguka kichwani mwangu tangu asubuhi.

Jumatatu, 24 Februari

Mawingu yalifunga kabisa, hata nikasikia harufu ya mvua. Nikapanga maneno: Mjomba, kaa chini, nina jambo. Mawingu yakapita, yakaenda kunyesha kwa wengine.

Nikitaka kumwambia Honi alilete gari, itabidi nilifungue hapa, mbele ya Mjomba. Nikilifungua nitapima. Nikipima na ikashuka, atauliza: si ulipima saa nzima? Hakuna njia ninayoweza kupita ambayo haipiti kwenye "imetimia" yangu.

Siku hizi nikimtazama Mjomba namwona kama mtu aliyenifunga kamba mguuni. Nimemkasirikia jinsi anavyopapasa meza kutafuta koleo, anavyosema "safi". Nikamjibu vibaya leo kwa sababu ya kipande cha waya. Kisha nikajichukia.

Alhamisi, 27 Februari

Nimempigia Honi, nikasema alilete Jumatatu nikaze klipu. Uwongo wa pili, lakini wenye faida. Akakubali.

Jumatatu, 3 Machi

Honi hakuja. Kasema gari liko juu ya mawe tangu Ijumaa, tairi zimekwisha, wanangoja mpya. Zikifika kesho atawasha na kuja moja kwa moja.

Tangu Ijumaa. Siku nne gari limesimama, maji juu, tundu chini. Najua maana yake. Nataka iandikwe hapa kwamba nilijua. Nilishika simu nimwambie usiliwashe, lifungue kwanza bomba la chini. Mjomba alikuwa amekaa kando yangu anakwangua bati, na tangu macho yake yapungue masikio yake yanasikia hata sisimizi akikohoa. Nikasema nitampigia baadaye. Baadaye likaja gari la mtu wa mchanga, na baada ya hapo nikasema kesho asubuhi mapema.

Jumanne, 4 Machi

Saa tatu asubuhi simu ikaita kabla sijapiga mimi. Honi. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, alisema polepole.

"Dada Fundi. Gari limekata."

Fundi wa mapaa alikuwa ameanguka kutoka kwenye jengo jipya la shule kule bondeni, boriti ikamwangukia mguu. Hospitali wakaitwa. Tairi zilikuwa zimefungwa asubuhi hiyo hiyo. Honi akaruka ndani, akawasha. Injini ikalia mara moja tu, "ka!", ikagoma. Na kwa kuwa kuna mtu anasubiri huko chini, akawasha tena kwa nguvu. Hiyo ya pili ndiyo iliyomaliza.

Nilichukua boksi la spana nikapanda pikipiki. Mjomba nilimwambia gari la hospitali limeharibika. Akasema "Nenda", basi. Nilipofika nikalegeza bomba linalotoka kwenye intakula kwenda kwenye injini. Maji yakamwagika mpaka kwenye viatu vyangu. Masafi, baridi, kama ya kunywa. Yakaendelea kumwagika.

Honi akayatazama, akanitazama. "Haya yametoka wapi?"

Lori la mchanga lilikuwa linaingia getini. Walimleta fundi wa mapaa juu ya mchanga, mguu umefungwa kwa shati la mtu, lori lenyewe halina nguvu, mpando ule limeupanda kwa mwendo wa kuku. Saa moja na dakika ishirini tangu aanguke. Alikuwa ana fahamu. Alikuwa anauliza nyundo yake iko wapi, nani kaichukua nyundo yake. Manesi wakamshusha, nami nimesimama na spana mkononi, viatu vimelowa.

Mkuu wa utawala wa hospitali alitoka nje akamfokea Honi mbele ya watu: ameua injini kwa pupa, dereva gani anawasha gari kama anapiga ngoma, akae nyumbani mpaka atakapoitwa. Honi hakujitetea. Alivua funguo shingoni akampa.

Nami nikanyamaza. Mungu wangu, nikanyamaza. Nilifungua intakula, nikaifunga kwenye gunia, nikarudi nayo.

Jumatano, 5 Machi

Mguu umekatwa chini ya goti. Jirani ana dada anayefanya kazi huko, ndiye kaleta habari. Daktari kasema labda hata wangewahi ungekatwa, labda usingekatwa. Hilo "labda" nitaishi nalo.

Nilipoingia karakana Mjomba alikuwa ameshaiweka intakula mezani. Kaitoa mwenyewe kwenye gunia. Kidole chake kiko juu ya nyota yangu.

"Jaza upepo," akasema.

"Mjomba..."

"Jaza upepo, mpwa. Ukae."

Nikajaza, nikafunga koki. Akavuta ndoo akakaa kando yangu. Dakika kumi, sindano imesimama. Ishirini, imesimama, na mimi nikaanza kutumaini kijinga kwamba labda tundu ni jingine, kosa ni la mwingine. Kisha nikaiona inainama, kidogo tu, kama mtu anayesinzia. Ikaendelea kushuka.

"Imeanza," nikasema.

"Dakika ya ngapi?"

"Ishirini na sita."

Akaipapasa tena nyota. "Na siku ile ulikaa ngapi?"

Nilitaka kusema saa nzima. Nakiri, hata hapo ulimi uliinuka.

"Ishirini."

Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyepewa hesabu aliyokuwa nayo tayari. Nikaanza kulia na kuyamwaga yote: mapovu ya Januari, matundu niliyoziba akienda kula, mkaza mjomba, mpaka mvua, Honi na mdomo wake, kwamba nilitaka asifedheheke. Aliniacha nimalize.

"Mwaka wa pili huu siuoni mstari," akasema. "Ulidhani sijui? Mshono wangu una magamba mapana, tangu ujana. Naupapasa nakuta magamba madogo madogo. Mimi sijawahi kuchoma magamba madogo, huo ni mkono wako. Nikasema, alaa, mtoto anaziba. Nikafurahi. Nikasema basi kazi iendelee: mimi mkono, yeye jicho."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Na wewe kwa nini hukuniambia?" Akacheka, cheko lisilo na raha. "Tumefichana kitu ambacho kila mmoja anakijua. Mimi niliogopa nikikiri utaninyang'anya kofia. Lakini hukunisikia nikikuuliza sindano inasemaje. Nilikuuliza saa. Ile ya ukutani kwangu ni doa jeupe tu, mpwa wangu. Mtu asiyeona akikuuliza saa, unamwambia saa."

Nikapiga magoti pale pale kwenye vyuma. Akaweka mkono kichwani pangu, mzito, wenye makovu ya moto.

"Kosa letu sote wawili," akasema. "Uwongo ni wako."

Ijumaa, 7 Machi

Tumekwenda hospitali, mimi na Mjomba, kanishika bega njia nzima mbele za watu na hakujali. Niliweka intakula juu ya meza ya mkuu wa utawala, nikamwonyesha nyota, nikamweleza nyota maana yake nini na kwamba yangu ilikuwa ya uwongo. Nikamwambia dereva asingeweza kujua. Aliandika, akauliza kama nitasaini. Nikasaini. Mjomba akasema injini tutaitengeneza sisi, na mtu yeyote akitaka kutushtaki anajua tunapofanya kazi. Honi karudishiwa funguo. Hakusema asante na sikutarajia.

Kisha nikaenda wodini. Fundi wa mapaa ni mtu wa rika langu. Nikajitambulisha, nikamwambia. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mimi nikisahau msumari mmoja," akasema, "paa linavuja, watu wanahamisha kitanda."

Akageukia ukutani. Nilikaa kidogo, nikaona hana zaidi, nikatoka.

Jumatatu, 10 Machi

Tumeshusha injini. Konrodi mbili, mikono ya pistoni, zimepinda. Nimeziweka dirishani ili nizione kila siku.

Ijumaa, 14 Machi

Honi anakuja kila asubuhi, anakaa kwenye ndoo, anatazama. Hapigi hadithi. Leo kaniuliza, kwa sauti ya kawaida ya watu, "Ningekuwa sipo siku ile, ungekaa saa nzima?"

Nikamwambia sijui. Kisha nikamwambia, "Ndiyo."

Jumanne, 18 Machi

Ninachoma mimi. Mjomba anakwangua bati, anapapasa, ananitukana kama zamani. "Hapo umekimbia! Nani anakufukuza?" Kavua kofia yake ya kuchomelea akaitundika msumarini. Kila nikipita nakwepa kuitazama.

Ijumaa, 21 Machi

Injini imerudi mahali pake. Intakula mpya imekamilika leo, mshono wa ndani na wa nje ni wangu. Aliyechoma hapimi.

Tulikuwa tumejaza upepo, Mjomba anataka kutega sikio kwenye midomo ya kisanduku, pale hewa inapoingilia na kutokea, maana tundu likiwepo litapuliza na masikio yake hayakosei. Kabla hata hajainama, mvua ikaanza. Matone makubwa kwanza, kisha yote kwa pamoja juu ya mabati, kelele mpaka hatusikiani. Mkaza mjomba alikuja mbio na kanga kichwani, kalowa, akasimama mlangoni akinikonyeza: leo, leo, mwambie! Mjomba akamwambia kwa sauti ya juu, "Ingia ndani, mama, utapata mafua. Najua kwamba sioni." Mama wa watu akaketi juu ya tairi, mdomo wazi.

"Masikio yamekufa," Mjomba akasema. "Leteni beseni."

Tukazamisha intakula. Akakunja mikono ya shati, akaingiza mikono majini mpaka viwiko, akafunika midomo miwili ya kisanduku kwa viganja. Povu lolote likitoka humo litagusa kiganja chake kabla halijapanda juu. Akafumba macho. Aliinama hivyo, mgongo umepinda, mvua inapiga. Honi alisimama nyuma yake. Mimi nilisimama chini ya saa.

Baada ya muda mabega yake yakaanza kutetemeka. Mtu wa miaka sabini na mbili ameinamia maji ya baridi. Mkaza mjomba akanitazama kwa macho ya kuomba, na mimi nilijua mshono ule, nilijua kwamba hautavuja, nilikuwa tayari kuuapia.

"Mpwa," akaita. "Saa imetimia?"

Nikaangalia ukutani.

"Bado, Mjomba. Bado dakika ishirini."

"Haya," akasema, akasogeza miguu apate kusimama vizuri.